Je, Wajua? Mikono Iliyojenga Bunge la Marekani

Je, wajua kwamba jiwe la msingi la jengo la Bunge la Marekani halijulikani lilipo? Tarehe 18 Septemba 1793, Rais George Washington alipanda kilima cha Jenkins Hill akiwa na wenzake wa chama cha Freemason, aproni zao viunoni. Kibamba cha fedha kililazwa chini na jiwe likawekwa juu yake. Baada ya sherehe akachomwa ng'ombe wa ratili 500, wageni wakala wakashiba. Tangu wakati huo watu wamechimba na kupima kwa vyombo vya kila aina, na jiwe hilo halijaonekana.

Kilichoonekana ni karatasi. Kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani kuna stakabadhi za malipo za miaka ya 1790, zilizoandikwa kwa wino na kalamu ya unyoya. Zinataja jina moja moja, idadi ya siku za kazi, na kiasi kilicholipwa. Mwenye kuzisoma kwa makini hukutana na jambo la kushangaza: mara nyingi aliyefanya kazi ni mtu mmoja, na aliyetia sahihi na kupokea pesa ni mtu mwingine kabisa.

*

Je, wajua kwamba mpango wa awali haukuwa kutumia watumwa? Sheria ya mwaka 1790 iliagiza serikali ihamie kwenye mji mpya kando ya mto Potomac ifikapo Desemba 1800. Mji wenyewe haukuwapo. Palikuwa na mashamba, misitu na mabonde yenye maji, na vijiji viwili vitatu vya wafanyabiashara kando yake. Makamishna watatu waliopewa kazi hiyo walitarajia kuleta mafundi kutoka Ulaya. Waliokubali kuja walikuwa wachache mno, na vibarua huru wa pale walikuwa haba.

Makamishna wakageukia wenye mashamba wa Maryland na Virginia. Hao walikuwa na watumwa, na walikuwa tayari kuwakodisha. Bei ilikuwa takribani dola 5 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na pesa zote zilikwenda kwa mwenye mtumwa. Yeye alitakiwa kumpa mtu wake nguo na blanketi. Serikali ilitoa chakula, mahali pa kulala na matibabu. Makamishna hawakuficha faida nyingine waliyoiona: waliandika wenyewe kwamba kuwapo kwa vibarua watumwa kunawazuia mafundi weupe wasidai mishahara mikubwa. Kwa hiyo mtumwa alitumika mara mbili, kwanza kwa nguvu zake na pili kama kitisho kwa mfanyakazi mwenzake.

Ripoti aliyoiandika mwanahistoria wa jengo hilo, William C. Allen, mwaka 2005, ilihesabu malipo 385 ya kukodi watumwa kati ya mwaka 1795 na 1801. Hayo ni malipo yaliyoandikwa tu.

*

Walifanya kazi gani? Karibu zote. Walikata miti na kung'oa visiki ili barabara zipite. Walichimba udongo, wakafyatua matofali na kuyachoma kwenye matanuri yaliyojengwa palepale, mengine ndani ya uwanja wa Ikulu ya Rais, iliyokuwa ikijengwa wakati huohuo. Walibeba mawe na kuwahudumia waashi. Na walipasua mbao.

Kazi hii ya kupasua mbao nataka tuitazame kwa karibu, kwa sababu kwetu haijawa historia. Aliyepita misitu ya Usambara au Rungwe ameiona: gogo limelazwa juu ya shimo, mtu mmoja amesimama juu yake, mwenzake yuko chini shimoni, na katikati yao msumeno mrefu wenye mpini kila upande. Wa juu hufuata mstari uliopigwa kwa uzi wenye rangi. Wa chini huvuta, na unga wa mbao humwangukia machoni na mdomoni siku nzima. Kila boriti ya paa na kila ubao wa sakafu wa majengo yale mawili, Bunge na Ikulu, ulianza hivyo. Wapasuaji wengi katika orodha za malipo walikuwa watumwa.

*

Je, wajua kwamba mawe ya Bunge na ya Ikulu yalitoka kwenye kisiwa kidogo? Mwaka 1791 serikali ilijipatia kisiwa katika kijito cha Aquia, Virginia, takribani kilomita 65 kwa njia ya maji kutoka mji mpya. Pale kuna jiwe la mchanga lenye rangi ya kijivu na hudhurungi, laini kwa patasi. Kulitoa ndiko kulikokuwa na taabu. Mtu alichimba mfereji mwembamba kwa sururu kulizunguka bonge zima la mwamba, kisha akapiga kabari chini yake mpaka likaachana na mwamba. Halafu mitaimbo, magogo ya kulibingirishia, na mashua. Majira ya joto kisiwa kilikuwa na mbu na nyoka.

Collen Williamson, mwashi mkuu kutoka Uskoti, ndiye aliyesimamia machimbo hayo mwanzoni, na miongoni mwa waliojifunza kazi chini yake walikuwa watumwa ambao hawakuwahi kushika patasi ya mawe. Mtu aliyetoka shamba la tumbaku alifundishwa kulisoma jiwe: pale litakapopasuka sawa na pale litakapovunjika vibaya. Ule ni ujuzi, na ujuzi huo ulimwongezea bei yake sokoni, jambo ambalo huwa linanisumbua kila ninapolifikiria.

Ulaini wa jiwe la Aquia ulikuwa na gharama yake. Linanyonya maji, na baridi ikija maji yakaganda ndani, jiwe huchanika. Ndiyo maana mwaka 1798 kuta za Ikulu zilipakwa chokaa nyeupe ili kuziba vinyweleo vya jiwe. Weupe wa jumba lile, unaojulikana dunia nzima, ulianza kama kinga ya mvua na barafu.

*

Waskoti wengine walikuja hatimaye. Katikati ya miaka ya 1790 walifika wachonga mawe kutoka Edinburgh, na hao ndio waliochonga maua, majani na mashada juu ya madirisha na milango ya Ikulu. Rangi iliyokuwa imelimbikizana kwa karibu miaka 200 ilipokwanguliwa mwishoni mwa karne ya 20, zilijitokeza alama ndogo zilizokatwa kwenye mawe: mistari inayokatana, pembetatu, vishale. Kila mwashi alikuwa na alama yake, ili msimamizi akipita ajue jiwe hili ni la nani.

Huo ndio mpaka uliowatenga watu waliofanya kazi kwenye kiunzi kimoja. Mmoja aliweka alama yake ili ahesabiwe haki yake. Mwingine aliliinua jiwe hilohilo, na jina lake likaandikwa kwenye hesabu za bwana wake.

*

Msanifu wa Ikulu, James Hoban, alikuwa Mwairishi aliyeanza maisha kama seremala. Alishinda shindano la ramani mwaka 1792. Hoban pia alikuwa na watumwa, na aliwaingiza kazini. Orodha ya malipo ya maseremala ya mwaka 1795 inawataja Tom, Peter, Ben, Harry na Daniel. Majina yao ya ukoo hayamo. Wengi wao walikuwa mali ya Hoban mwenyewe, yaani msanifu alilipwa kwa kuchora, akalipwa kwa kusimamia, na akalipwa tena kwa jasho la maseremala wake.

Mwezi Novemba 1797 makamishna wakapiga marufuku maseremala Weusi kuajiriwa kwenye majengo hayo. Peter na wenzake wakatoweka kwenye orodha. Jengo walilolifanyia kazi lilipata mkazi wake wa kwanza, Rais John Adams, tarehe 1 Novemba 1800. Wiki mbili baadaye, tarehe 17, Bunge likaketi kwa mara ya kwanza katika upande wa kaskazini wa jengo lake. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa bado uwanja wa ujenzi.

*

Je, wajua kwamba kuna nguzo za mahindi ndani ya Bunge la Marekani? Msanifu Benjamin Latrobe alitaka wachongaji wa hali ya juu na akaagiza watafutwe Italia. Mwaka 1806 wakawasili Giuseppe Franzoni na Giovanni Andrei. Ugiriki na Roma ya kale zilipamba vichwa vya nguzo zao kwa majani ya akanthasi. Latrobe alichora muhindi badala yake: gunzi lenye punje zake, maganda yamefunuliwa, na shina la nguzo limechongwa mithili ya mabua yaliyofungwa pamoja. Franzoni akayachonga mwaka 1809. Wabunge walizipenda mno, na Latrobe mwenyewe aliandika kwamba zilimletea sifa kuliko kazi nyingine yoyote aliyofanya pale. Askari wa Uingereza walipolichoma jengo tarehe 24 Agosti 1814, kazi nyingi za Franzoni ziliteketea. Nguzo sita za mahindi zikapona, na bado zimesimama.

Binafsi nazipenda kuliko kuba kubwa lililo juu ya jengo. Ndilo pambo pekee pale ninaloweza kumwonyesha mkulima yeyote wa Songea au Kitale na asihitaji kuelezwa ni kitu gani.

*

Kuba lenyewe ni la chuma cha kusubu, si la mawe, ingawa limepakwa rangi likafanana na marumaru. Lina uzito wa takribani tani 4,000, na ujenzi wake ulianza mwaka 1855. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka mwaka 1861, jengo likajaa askari. Wengine walilala ndani ya kumbi, na kwenye vyumba vya chini yakajengwa matanuri ya mikate. Mwezi Mei, Kapteni Montgomery Meigs, msimamizi wa ujenzi, akaamuru kazi isimame na mkandarasi asitarajie malipo.

Kampuni ya New York iliyokuwa ikisubu vyuma, Janes, Fowler, Kirtland & Company, ilikuwa na ratili milioni 1.3 za chuma zimerundikwa uwanjani. Ikiondoka, nani atazilinda? Wakaamua kuendelea bila kulipwa. Kwa karibu mwaka mzima mafundi waliendelea kupandisha vipande na kufunga bolti huku chini askari wakipita kwenda vitani.

*

Sasa nifike kwa mtu aliyenifanya niandike ukurasa huu.

Je, wajua nani aliyesaidia kuweka sanamu ya Uhuru juu ya kuba hilo? Ni mwanamke wa shaba nyeusi, mwenye kimo cha karibu mita 6 na uzito wa karibu tani 7. Modeli yake ya plasta ilifinyangwa Roma na Mmarekani Thomas Crawford, ambaye alifariki mwaka 1857 kabla ya kuiona ikisubiwa. Crawford alitaka kumvika kofia laini ambayo Roma ya kale ilimpa mtumwa aliyeachwa huru. Waziri wa Vita wa wakati huo, Jefferson Davis, alikuwa na watumwa, naye akaikataa. Alisema Wamarekani wamezaliwa huru na kofia ya namna hiyo haiwafai. Ikawekwa kofia ya vita yenye kichwa cha tai na manyoya. Miaka michache baadaye Davis huyohuyo akawa rais wa majimbo ya kusini yaliyojitenga ili kuutetea utumwa.

Modeli ilivuka bahari ndani ya makasha, kwenye meli iliyovuja hata ikalazimika kutia nanga Bermuda. Ilifika Washington mwaka 1859, ikaunganishwa na kuonyeshwa ndani ya Bunge. Kazi ya kuisubu ikapewa Clark Mills, mwenye kiwanda karibu na Bladensburg, mtu aliyekuwa amesubu sanamu ya kwanza ya shaba ya mpanda farasi nchini humo. Ilipofika siku ya kuitenganisha modeli ili ipelekwe kiwandani, fundi wa Kiitaliano aliyekuwa ameiunganisha alikataa kuonyesha viungo vilipo mpaka aongezwe mshahara. Viungo vilikuwa vimezibwa kwa plasta, havionekani hata kidogo.

Mills alikuwa na mtumwa aitwaye Philip Reid. Alikuwa amemnunua Charleston, Karolina Kusini, akiwa kijana, kwa dola 1,200, kwa sababu aliona ana akili ya kiwandani. Kwa mujibu wa simulizi la mtoto wa Mills, Reid alifunga kapi na kamba kwenye pete ya chuma iliyokuwa kichwani mwa sanamu, kisha akaamuru ivutwe juu polepole. Uzito wa sehemu ya chini ukavuta kwake, plasta ya juu ikaanza kupasuka mstari mwembamba, na kiungo cha kwanza kikajionyesha. Ikaendelea hivyo mpaka sehemu zote tano zikajulikana. Yule fundi hakupata nyongeza yake.

Kisha ikaja kazi ya moto. Kati ya Julai 1860 na Mei 1861, wiki nyingi Reid alifanya kazi kiwandani siku zote saba. Jumapili kazi yake ilikuwa kuhakikisha moto hauzimiki chini ya kalibu. Kalibu yenye unyevu ikimiminiwa shaba iliyoyeyuka hulipuka, hivyo moto ule haukuwa wa kuachiwa mtu asiyeaminika. Ujira wake ulikuwa dola 1.25 kwa siku, zaidi ya dola 1 waliyolipwa vibarua wengine, lakini pesa za Jumatatu hadi Jumamosi zilikuwa za Mills. Za Jumapili tu ndizo zilikuwa zake. Stakabadhi ipo: Jumapili 33, jumla dola 41 na senti 25, na mahali pa sahihi kuna alama ya X.

Tarehe 16 Aprili 1862, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuwaacha huru watumwa wa mji wa Washington, miaka 11 kabla ya soko la watumwa la Unguja kufungwa. Sheria hiyo iliagiza fidia ilipwe, na fidia ilikuwa ya wenye watumwa. Mills aliwasilisha madai. Kwa Reid aliomba dola 1,500, akaeleza kwamba si mrefu wa kimo, lakini ana akili na ni fundi mzuri wa kusubu. Kamati ikamkubalia dola 350 na senti 40. Linganisha na zile dola 41 na robo uone.

Kipande cha mwisho, kichwa na mabega, kilipandishwa tarehe 2 Desemba 1863. Ilipigwa mizinga 35, na ngome 12 zilizouzunguka mji zikaitikia. Siku hiyo Philip Reid alikuwa mtu huru. Alibaki Washington, akawa fundi wa plasta kwa kujitegemea, na akafariki mwaka 1892.

*

Chini ya sanamu hiyo, ndani ya kuba, kuna mchoro mkubwa wa Constantino Brumidi, Mroma aliyekimbilia Marekani. Aliuchora kwenye plasta mbichi, takribani mita 55 kutoka sakafuni, akaumaliza mwaka 1865 kwa miezi 11 na kulipwa dola 40,000. Mwaka 1879, akiwa mzee wa miaka 74, kiti chake kiliteleza kwenye kiunzi. Akaning'inia kwenye ngazi kwa mikono mpaka walipomfikia. Alifariki miezi michache baadaye, Februari 1880. Kaburi lake lilikaa bila jina hadi mwaka 1952. Kumbe hata aliyelipwa vizuri alisahaulika.

*

Je, wajua kwamba stakabadhi zote hizi zilikuwapo muda wote, na Bunge lenyewe halikuzizungumzia kwa karibu miaka 200? Mwanahabari wa televisheni, Ed Hotaling, alizifuatilia mwaka 2000, jengo lilipokaribia kutimiza karne mbili za vikao, akazionyesha hadharani. Bunge likaunda kikosi cha kulichunguza jambo hilo. Mwaka 2008, tarehe 2 Desemba, ukumbi mkubwa wa wageni ulifunguliwa chini ya ardhi upande wa mashariki na kupewa jina la Emancipation Hall, yaani Ukumbi wa Ukombozi. Tarehe 28 Februari 2012 likazinduliwa humo jiwe la kumbukumbu la vibarua watumwa. Limetoka Aquia: ni sehemu ya ukuta wa zamani wa mashariki, uliobomolewa jengo lilipopanuliwa kuanzia mwaka 1958, na alama za patasi zimeachwa usoni pake.

Nguzo 22 za baraza la zamani la upande huohuo zilihamishiwa kwenye bustani ya taifa ya miti mjini Washington, zimesimama kwenye nyasi bila paa. Mawe mengine ya ukuta yalirundikwa ndani ya hifadhi ya Rock Creek, yakaota kuvu.

Kuingia jengo la Bunge ni bure. Waongozaji huwapeleka wageni mbele ya sanamu ya Uhuru ya plasta, ileile aliyoitenganisha Reid, ambayo sasa imewekwa katika Ukumbi wa Ukombozi. Kwa upande wa Ikulu, wanahistoria wanaendelea kupekua orodha za miaka ya 1790, na majina ya watumwa waliofanya kazi pale yaliyokwisha kupatikana ni zaidi ya 200. Mengi bado ni jina moja tu.